Watu Watano Wanaoruka Ukuta: Jinsi Vijana Wanavyoingia Kazi ya Mafundi wa NASCAR

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa kazi na maisha tunawaletea habari ya kazi moja ya mbali, huko Marekani. Ni kazi ya kubadilisha tairi na kutia mafuta kwenye magari ya mashindano. Utasema: kubadilisha tairi nayo ni habari ya kuandikwa gazetini? Ngoja kwanza, soma mpaka mwisho.

Tumeiandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, vijana wanaoangalia mbio za magari kwenye vibanda vya video wanatuuliza sana habari za madereva, lakini wale watu wenye helmeti wanaoruka ukuta na kulizunguka gari kama nyuki hakuna anayewauliza. Ya pili, wapo ndugu zetu waliokwisha kuhamia jimbo la North Carolina, kwenye miji ya Charlotte na Greensboro. Charlotte ndipo kazi hii ilipo kwa wingi kuliko mahali pengine popote duniani. Huenda mtoto wa dada yako anapita mbele ya geti la timu kila siku akienda kazini, na hajui ndani kuna nini.

NASCAR NI KITU GANI?

NASCAR ni chama kinachosimamia mbio za magari yenye umbo la magari ya kawaida ya barabarani. Kilianzishwa mwaka 1948 huko Daytona Beach, Florida, na bwana mmoja aliyeitwa Bill France. Baadhi ya madereva wa mwanzo walikuwa wamejifunza kukimbiza gari kwa kusafirisha pombe ya magendo usiku kwenye barabara za milimani, pombe ile ambayo sisi tunaiita gongo au lutuku. Walihitaji gari linaloonekana la kawaida lakini likimbie kuliko la polisi. Siku ya mapumziko walishindana wao kwa wao kujua nani ana gari kali. Hapo ndipo mchezo ulipopata nguvu.

Leo katika daraja la juu, linaloitwa Cup, yanashindana magari ya Chevrolet, Ford na Toyota. Msimu una mbio 36 za pointi, kuanzia Februari mpaka Novemba. Mbio moja inaweza kuchukua saa tatu au zaidi. Hakuna tairi linaloweza kustahimili muda wote huo, na hakuna tangi la mafuta linalotosha. Kwa hiyo kila gari lazima litoke njiani mara kadhaa, liingie sehemu ya pembeni inayoitwa piti, lihudumiwe, kisha lirudi mbioni.

Sasa fanya hesabu na sisi. Gari linalokwenda kilomita 290 kwa saa linapita mita 80 kila sekunde. Fundi akidondosha nati, akaiokota, akapoteza sekunde mbili tu, wenzake njiani wamekwenda mita 160. Dereva anaweza kuingia piti akiwa wa tatu akatoka wa kumi, na yeye hajafanya kosa lolote. Ndiyo maana timu hutafuta mafundi wa piti kwa bidii kama wanavyotafuta dereva.

WATU WATANO, SEKUNDE KUMI

Tangu mwaka 2018, wanaoruhusiwa kuruka ukuta kulihudumia gari katika daraja la juu ni watu watano tu. Zamani walikuwa sita au zaidi. Kila mmoja ana kazi yake:

1. Mtu wa jeki. Anakimbia na jeki ya kama kilo 10, anaiingiza chini ya gari na kulinyanyua upande mzima kwa kukandamiza mpini mara moja.

2 na 3. Wafungua tairi, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Kila mmoja ana mashine ya upepo ya kufungulia na kukazia nati.

4. Mbeba tairi. Tairi moja na rimu yake lina zaidi ya kilo 20. Analibeba mbio, analiweka mahali pake bila kutafuta-tafuta.

5. Mtia mafuta. Anabeba dumu maalum ambalo likijaa lina zaidi ya kilo 35, analiinamisha kwenye mdomo wa tangi na kulishikilia mpaka mafuta yashuke.

Gari linapokaribia, wanaruka ukuta na kulizunguka kwenda upande wa kulia, ule ulio mbali na ukuta. Jeki juu, tairi mbili zinatoka, mbili zinaingia. Jeki inashuka, wote wanakimbia upande wa kushoto, wanarudia. Jeki ikishuka mara ya pili, hiyo ndiyo ishara: dereva anaondoka. Hakuna anayepiga kelele kwamba tayari, wala hakuna anayeuliza kama mwenzake amemaliza. Mtu wa jeki ndiye mwenye macho ya wote. Akishusha jeki mapema, tairi halijakazwa. Akichelewa, nafasi zimekwenda.

Mpaka mwaka 2021 kila tairi lilikuwa na nati tano, na kazi yote ilichukua kama sekunde 12 mpaka 14. Mwaka 2022 lilikuja gari jipya lenye nati moja kubwa katikati ya rimu. Sasa timu nzuri humaliza tairi nne kwa sekunde 9 au 10, na siku wakiamka vizuri, chini ya hapo. Wewe uliyewahi kubadilisha tairi la gari la mizigo kwenye matope unajua hizo ni sekunde za namna gani.

ZAMANI FUNDI ALIKUWA FUNDI TU

Hapo mwanzo gari likiingia piti ilikuwa kama kupumzika. Dakika nzima na zaidi ilipita. Waliobadilisha mambo ni ndugu wawili wa familia ya Wood kutoka mji mdogo wa Stuart, Virginia. Kaka mkubwa, Glen, alianzisha timu mwaka 1950. Mdogo wake, Leonard, alikuwa fundi mwenye akili ya kutazama. Waliona kwamba muda unaopotea gari likiwa limesimama ni sawa na muda unaopotea likiwa linakimbia, ila huu wa kusimama kuupunguza ni rahisi zaidi. Wakairekebisha jeki, wakagawana kazi, wakafanya mazoezi mpaka kila mtu akajua hatua zake. Mwaka 1965 waliitwa kulihudumia gari la Mskoti aliyeitwa Jim Clark kwenye mbio kubwa za Indianapolis, ambazo si hata za NASCAR. Clark akashinda.

Hata hivyo, kwa miaka mingi mafundi wa piti walikuwa ni wale wale mafundi wa gereji. Juma zima wanatengeneza injini, siku ya mbio wanaruka ukuta. Mapema miaka ya 1990 timu ya Hendrick ikaleta mawazo mapya. Ilimchukua Andy Papathanassiou, aliyekuwa amecheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi, katika chuo kikuu cha Stanford. Yeye akasema: hii ni kazi ya mwanamichezo. Basi wafanye mazoezi kama wanamichezo, wanyanyue vyuma, wakimbie, wajitazame kwenye video, warekebishe makosa. Gari la kijana Jeff Gordon lilihudumiwa kwa mtindo huo, na Gordon akawa bingwa mwaka 1995, 1997 na 1998, na tena 2001.

Timu nyingine zikaiga. Leo timu kubwa zina kocha wa mafundi, ukumbi wa mazoezi, na gari la kufanyia mazoezi ya piti siku za katikati ya juma. Wanaoajiriwa wengi ni vijana waliocheza mpira chuoni lakini hawakupata nafasi ya kulipwa kwenye mpira. Wengine siku ya kwanza hawakujua hata nati inakaza upande gani. Hiyo hufundishwa. Wepesi wa mwili, kutokuogopa, kusikiliza kocha na kurudia kitu kimoja mara elfu bila kununa, hayo ni magumu kumfundisha mtu mzima.

Hapo wazazi tunaomba mtusikilize kidogo. Kila jioni kwenye nyumba nyingi maneno ni yale yale:

"Umetoka wapi saa hizi?"

"Mazoezini, mama."

"Mazoezi! Maji umeyachota? Mpira unakula?"

Mama ana haki kuhusu maji, hilo hatubishi. Lakini kijana anayefika mazoezini kila siku saa ile ile, anayekubali kukosolewa na kocha mbele ya wenzake na kesho akarudi, huyo anajifunza kazi. Hata kama mpira wenyewe hautamlipa kamwe.

FAMILIA ILIYOKUWA TIMU

Kuna familia moja ambayo hatuwezi kuiacha. Wendell Scott alikuwa Mmarekani mweusi wa Danville, Virginia. Aliendesha teksi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alitengeneza magari ya jeshi. Mwaka 1961 aliingia daraja la juu la NASCAR, enzi ambayo sehemu za kusini mwa Marekani mtu mweusi hakuruhusiwa hata kula kwenye hoteli moja na mzungu. Hakuwa na kampuni kubwa ya kumlipia. Gari lilikuwa la kununua likiwa limetumika, fundi alikuwa yeye mwenyewe, na mafundi wa piti walikuwa watoto wake.

Tarehe 1 Desemba 1963, huko Jacksonville, Florida, Scott alishinda. Lakini bendera ya ushindi alipewa mzungu aliyekuwa nyuma yake, akapiga picha na kikombe. Baadaye, watazamaji wakiwa wamekwisha kuondoka, ndipo wasimamizi wakakubali kwamba Scott ndiye mshindi. Kikombe cha siku ile hakukipata maishani mwake. Alishindana mara 495 mpaka mwaka 1973, na akafariki mwaka 1990. Mwaka 2015 aliingizwa kwenye nyumba ya heshima ya NASCAR, na mwaka 2021, miaka 58 baada ya siku ile, familia yake ilikabidhiwa kikombe.

Ushindi wa pili wa dereva mweusi katika daraja hilo ulisubiri mpaka Oktoba 2021, Bubba Wallace aliposhinda Talladega. Tunasema haya ili kijana wetu akienda kugonga mlango ule ajue ni mlango wa namna gani. Umefunguliwa, ndiyo, lakini kuna watu waliusukuma kwa miaka mingi.

BINTI WA MPIRA WA KIKAPU

Mwaka 2004 NASCAR ilianzisha mpango uitwao Drive for Diversity, ili kuwaingiza watu ambao mchezo ule haukuwa nao: weusi, Wamarekani wa asili ya nchi za Kilatini, wanawake na wengine. Upande mmoja ulilea madereva, upande mwingine mafundi wa piti. Makocha walizunguka vyuo, hasa vyuo vya asili vya watu weusi, wakifanya majaribio kwa wanamichezo. Waliofaulu walipelekwa Concord, karibu na Charlotte, kufundishwa.

Mwaka 2016 majaribio yalifika chuo cha Norfolk State, Virginia. Hapo palikuwa na binti mchezaji wa mpira wa kikapu, Brehanna Daniels. Mbio za magari hakuwa akizifuatilia. Alijaribu, akachukuliwa, akafundishwa kufungua tairi. Mwenzake katika mafunzo alikuwa Breanna O'Leary, aliyecheza softiboli katika chuo cha Alcorn State, Mississippi. Tarehe 7 Julai 2018, huko Daytona, wote wawili waliruka ukuta kufungua tairi za gari moja katika daraja la juu. Daniels akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufanya kazi hiyo katika daraja lile.

Kwa hiyo dada zetu, msiulize kama msichana anaweza. Jibu limekwisha kutolewa hadharani, saa ikiwa inahesabu.

MLANGO UKO WAPI?

Kwa kijana ambaye tayari yuko Marekani, njia inakwenda hivi:

Kwanza, karatasi. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi Marekani ana haki ya kufanya kazi tangu anapofika. Lakini awe na vitambulisho vyake vyote, na awe ametimiza miaka 18. Fundi wa piti hupewa leseni ya NASCAR na hupimwa kama anatumia dawa za kulevya. Anayevuta bangi asijisumbue.

Pili, mwili. Awe anacheza mchezo wowote kwa bidii, shuleni au chuoni, na mwalimu wake wa michezo aweze kusema neno jema juu yake. Timu kubwa hufanya majaribio yao na huangalia wanamichezo wa vyuo.

Tatu, mafunzo. Sehemu za Charlotte, Concord na Mooresville kuna mafunzo ya piti ya wiki au miezi. Mengine ni ya kulipia. Mtu aulize mapema: nani aliyepita hapa amepata kazi, na timu gani? Asiyetaka kujibu, muache.

Nne, kuanzia chini. Hakuna anayetoka mafunzoni akaenda moja kwa moja kwenye gari la bingwa. Wanaanza kwenye madaraja ya chini, mbio za mikoani na magari ya pikapu, na timu ndogo zisizo na mafundi wa kutosha. Hapo wanaonekana. Ni kama mchezaji anayeanzia timu ya mtaa.

Upo pia mlango wa pili, nao ni mpana zaidi. Timu kubwa huajiri mamia ya watu ambao hawaruki ukuta kamwe: wachomeleaji, wapiga rangi, mafundi wa injini, madereva wa malori, watunza stoo, wapishi. Mooresville pana chuo cha ufundi cha NASCAR Technical Institute, kilichofunguliwa mwaka 2002, kinachofundisha ufundi wa magari kwa ujumla. Aliyesoma pale akikosa NASCAR bado anaweza kufanya kazi gereji yoyote. Ila ada ni kubwa, na mkopo wa masomo Marekani hulipwa miaka mingi. Familia ikae pamoja ihesabu kabla ya mtu kutia sahihi.

UPANDE WA PILI WA KAZI HII

Tusiwape asali peke yake. Kwanza, nafasi ni chache. Magari yenye nafasi ya uhakika katika daraja la juu ni 36. Zidisha kwa watu watano, unapata 180. Nchi nzima ile yenye watu zaidi ya milioni 300, wanaoruka ukuta kwenye daraja la juu hawajai hata magari matatu ya abiria makubwa.

Pili, ni hatari. Novemba 1990, huko Atlanta, mfungua tairi wa gari la Bill Elliott aligongwa na gari lililoteleza likiingia piti, akafa. Mwaka uliofuata NASCAR iliweka kikomo cha mwendo ndani ya piti, na kuanzia 2002 helmeti ikawa lazima kwa wanaoruka ukuta. Siku hizi wanavaa pia nguo zisizoshika moto haraka. Hata hivyo gari ni gari, na petroli ni petroli.

Tatu, miaka ya kazi si mingi. Magoti na mgongo huchoka, kama kwa mchezaji wa mpira. Mwenye busara anajifunza kitu kingine wakati bado ana nguvu. Wengine hugeuka makocha, wengine hurudi gereji.

Nne, kosa halifichiki. Tairi likichomoka gari likiwa mbioni, mafundi wawili wanaweza kufungiwa mbio mbili. Kila kusimama kwa gari kunapigwa video na kupimwa kwa saa. Ukishuka kasi wiki kadhaa, kuna kijana mwingine anayengoja nyuma ya ukuta.

Na tano, familia. Mbio huwa mwishoni mwa wiki, karibu kila wiki, miezi tisa au kumi. Jumapili nyumba inakaa bila baba, au bila mama.

MASWALI YA VIJANA

Mimi ni fundi wa baiskeli hapa kambini. Ujuzi wangu una faida gani huko?

Una faida kwenye mlango wa pili, ule wa gereji. Mtu anayejua kusikia nati imekaza kwa mkono wake tu, na anayerudisha spana mahali pake baada ya kazi, huyo amekwisha kujifunza nusu ya nidhamu inayotakiwa. Lakini usiseme umekuwa fundi wa injini kama hujawahi kuifungua. Watakupa injini.

Kiingereza changu ni kidogo. Itakuwaje?

Daniel Suárez alitoka Mexico akiwa hajui Kiingereza vizuri. Amesimulia mwenyewe kwamba alijifunza kwa kutazama katuni na filamu. Juni 2022, huko Sonoma, California, akawa dereva wa kwanza aliyezaliwa Mexico kushinda mbio za daraja la juu. Ndani ya piti maneno ni machache, lakini lazima uyaelewe mara ya kwanza. Kwa hiyo anza leo. Anza na maneno ya kazi: majina ya vifaa, kulia na kushoto, mbele na nyuma, kaza na legeza.

Nikijifunza kazi hii, nitapelekwa Marekani?

Hapana. Tunajibu kwa herufi kubwa: HAPANA. Hakuna mtu anayepewa nafasi ya kuhamia nchi ya tatu kwa sababu anajua kufungua tairi haraka. Isitoshe, Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na tangu hapo wanaopita ni wachache mno. Akija mtu kukwambia kwamba ana orodha ya timu za magari, au ya mchezo wowote, na anataka pesa ya fomu, huyo ni tapeli. Huduma za UNHCR na za washirika wake ni bure. Usiuze kuku wala mgao wa unga kwa ajili ya fomu ya namna hiyo. Katoe taarifa.

Sasa mmeandika kwa nani, kama sisi hatuendi?

Swali zuri. Tumeandika kwa ndugu walioko kule, ambao ninyi huongea nao kwa simu. Wengi wamefungwa kwenye kazi ya kiwanda cha nyama au ghala na hawana wa kuwaambia kwamba kuna mlango mwingine kilomita chache tu kutoka wanapolala. Tena tumeandika kwa ninyi mlio hapa, kwa sababu ile njia ya watu wale watano haihitaji Marekani. Kugawana kazi, kurudia mpaka mkono ujue wenyewe, kukubali kupimwa kwa saa, kumwamini mwenzako bila kumwuliza: hayo yanafaa kwenye gereji ya pikipiki, kwenye cherehani, kwenye jiko la arusi ya watu mia tatu.

ZOEZI LA MWEZI HUU

Vikundi vya vijana mnaweza kujaribu hivi. Tafuteni baiskeli moja, spana, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Kaeni uwanjani, mbali na barabara. Muwe watu watatu: mmoja ananyanyua na kushikilia baiskeli, wa pili anafungua nati za gurudumu la mbele, wa tatu analipokea gurudumu, analiweka chini, analirudisha mahali pake ili likazwe tena.

Fanyeni mara 10, na kila mara andikeni muda kwenye daftari. Baada ya kila mara, mtu wa nne alitikise gurudumu. Likicheza, ongezeni sekunde 20 za adhabu, maana gurudumu lililolegea huko barabarani linavunja meno ya mtu. Halafu badilishaneni nafasi, mfanye tena mara 10. Mwisho kaeni chini mjadiliane: muda ulipotea wapi? Kwenye mikono, au kwenye kungojana? Mara nyingi mtakuta ni kwenye kungojana.

Wasichana wawe na kikundi chao au wachanganyike na wavulana, vyote sawa. Waliokwisha kufunga gereji jioni wanaweza kuwaazima vifaa, na wazee wenye saa wawe waamuzi. Leteni daftari lenu ofisini kwetu kabla ya tarehe 20. Tutachapisha muda wa kikundi cha kwanza mpaka cha tatu katika toleo lijalo, pamoja na majina ya waliohakikisha gurudumu halichezi.